Muulize Shangazi Waya

*Shangazi, shikamoo. Niko Jibondo. Sabufa yangu ya sola ilianza kukwaruza, nikafungua nikaona kapasita imevimba. Nikaweka mpya mwenyewe. Ikapiga taarabu kidogo, kisha pwaa! Moshi ukajaa chumba kizima. Jirani anasema nimechezewa. Nimwite mganga?*
Mwenye Sabufa

Marahaba, mwanangu. Mganga mwache alale. Umeifunga kinyume, chanya kwenye hasi, basi.

Ndani ya kile kikopo mna ukanda wa alumini wenye utando mwembamba mno wa oksidi. Utando huo ndio unaozuia umeme usipite. Umeme ukiingia kinyume, utando unaharibika polepole (ndiyo maana ulipata kawimbo kamoja), majimaji ya ndani yanapata moto na kutoa gesi ya haidrojeni, kikopo kinajaa pumzi. Ile chale ya msalaba juu yake si urembo. Imewekwa ili kipasukie hapo, na wewe ulikuwa umeinamia hapohapo!

Jibondo mnaunda majahazi, sijasikia fundi wenu aliyechanganya tezi na omo. Basi na kapasita ina upande: ubavu wenye mstari wa alama za kutoa ni hasi, mguu mrefu ni chanya. Mguu ukishakatwa, amini mstari. Futa yale majimaji, yanakula bodi. Tafuta yenye mikrofaradi zilezile, ya volti 25. Ya 16 itabanwa, maana betri ya volti 12 ikichajiwa hupita 14.

*Shangazi, na zile ndogo za manjano, za mraba, mstari wake nao ni hasi?*
Mwanafunzi, Kilindoni

La hasha! Hizo ni za tantali, mstari wake ni chanya. Aliyepanga hivyo alikuwa na ugomvi na mafundi. Ukiigeuza hiyo, inaweza kuwaka moto kabisa. Zile bapa za seramiki hazina upande, ziweke utakavyo.

*Shangazi, mimi ni mke wa yule wa sabufa. Sasa anataka kununua nyingine mpya, na huku maji ya kunywa tunasubiri mvua au chombo kutoka ng'ambo.*
Nimechoka

Pole, mwanangu. Hela ya sabufa inunue simtanki. Yeye anunue kapasita moja, na safari hii alehemu mtu mwingine.