Namna ya Kuipigisha Tuktuk Kelele na Bado Ukatetemeka: Mwongozo wa Ukunda

Kipupwe kikiingia Ukunda, mwezi wa sita, dereva mpya wa tuktuk hushikwa na tamaa mbili kwa mpigo: kuongeza sauti na kuongeza nguo. Mwongozo huu ni wake yeye, aliyenunua tuktuk juzi, akabakiwa na vijisenti, na bado hajapata wa kumzuia.

Kwanza jua ulichonacho. Bajaj yako ina silinda moja, cc 200 hivi, na nguvu za farasi kama 10. Hao farasi 10 wanakubeba wewe, abiria watatu kwa mujibu wa sheria, watano kwa mujibu wa magharibi, na gunia la mkaa ambalo mwenyewe amekuapia kuwa ni jepesi. Mashine iko nyuma. Maana yake ni kwamba kelele utakayoilipia utaisikia wewe mwisho, baada ya abiria, baada ya muuza madafu, na baada ya boda aliyekufuata kutoka Mvindeni akikutukana. Usivunjike moyo. Mwenye kununua ngurumo hainunui kwa ajili ya masikio yake.

Sasa nenda kwa fundi. Fundi mzuri wa ekzosi anajulikana kwa mambo mawili: ana miwani ya jua mahali pa miwani ya kuchomelea, na hakuulizi unataka nini.

“Ami, hii ikitoka hapa wataisikia Msambweni.”

“Itaongeza mbio?”

“Itaongeza.”

Itaongeza nini, hajasema, nawe usimbane. Ungembana angelazimika kukueleza kwamba moshi hautoki kwenye silinda kama maji ya mfereji. Unatoka kwa mapigo, na kila pigo linalokimbia huvuta mabaki yaliyo nyuma yake na kuipa nafasi hewa mpya iingie. Wahandisi wa kiwanda walikaa na hesabu zao mpaka wakapata upana wa bomba na ukubwa wa vyumba vilivyo ndani ya sailensa vinavyoifaa mashine hiyo ndogo. Ukiweka bomba pana, mapigo yanalegea. Kwa mbio za juu, ambazo huna, pengine utapata kitu kidogo. Kwa nguvu ya kuondokea, ambayo unaihitaji kwenye kila tuta kati ya Tiwi na njia panda ya Diani, utapoteza. Lakini utapoteza kwa kishindo, na watu watadhani unakwenda kasi.

Uchaguzi wa bomba ni suala la mfuko. Chuma kisichoshika kutu ni ghali, kwa hiyo fundi atakuonyesha kipande kilichobaki kwenye geti la mtu. Kikikosekana, atatoa bomba la maji, lile lililopakwa zinki, linalong'aa vizuri kabisa. Moto ukiligusa linatoa moshi mweupe. Moshi huo ni zinki, na aliyeuvuta mchana jioni hushikwa na homa, baridi na maumivu ya viungo. Atasema ni malaria, atameza dawa, kesho au kesho kutwa atapona na kuisifu dawa. Fundi mwenyewe atakuambia kinga ni pakiti ya maziwa. Maziwa ni mazuri kwa chai. Wewe kaa upande upepo unakotoka, na kama kweli unampenda fundi wako, mwambie alikwangue bomba hilo kwanza au, afadhali, alirudishe kwa wenye maji.

Usimuulize litadumu muda gani. Upepo wa kusi unatoka baharini na chumvi yake, na chumvi haibagui bomba la tajiri wala la maskini. Hiyo ni kutu ya nje. Ya ndani unaitengeneza mwenyewe: petroli ikiungua hutoa maji, lita moja ya petroli ikakupa takribani lita moja ya maji, yakitoka kama mvuke. Anayekwenda mpaka Lunga Lunga bomba lake linapata moto na kukauka. Wewe unayepiga trip za njia panda hadi ufuoni, unazima, unangoja, unawasha, maji yako yanabaki humo yanakunywa chuma taratibu. Siku utakapoona tone linadondoka kwenye ncha ya bomba asubuhi, usimwambie abiria kuwa ni mafuta yanayobaki. Hataelewa.

Baada ya bomba kufungwa, mashine itaanza kupumua kupita ilivyozoea na kabureta itaendelea kuipimia petroli ileile. Hewa nyingi, mafuta machache: plagi inatoka nyeupe, mashine inapata joto, vali zinaanza kuungua. Dawa yake ni kubadilisha jeti, kwa kupima na kujaribu. Dawa ya fundi ni kugeuza skrubu nusu duara, kuinamisha kichwa, kufumba jicho moja na kusema, “Iko sawa.” Mlipe. Ile kuinamisha kichwa peke yake ina thamani yake.

Kisha itaanza kupasua. Ukiachia mafuta kwenye mteremko, pa! pa! pa! Vijana wa stejini watakushangilia wakidhani ni mashine ya mashindano. Hilo ni pengo dogo pale bomba linapoungana na silinda. Hewa inaingia, inakutana na petroli isiyoungua, na mambo yanalipukia humo. Kinachopaswa kuliziba pengo hilo kinaitwa gaskiti. Ya dukani ni bei ya chai na maandazi, lakini fundi atakukatia nyingine kwenye bati la kopo la mafuta, kwa mkasi, ukiwa umesimama pale unamtazama. Weka akilini gaskiti hii. Tutakutana nayo tena mahali pabaya.

Kuhusu sheria hutakosa msaada. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, na kanuni zilizo chini yake zinataka chombo kiwe na sailensa inayofanya kazi, na tangu 2009 ziko kanuni za kudhibiti kelele chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Hata usipozisoma, ekzosi yako itazisoma kwa niaba yako kwenye kila kizuizi. Askari atakusikia kabla hajakuona, jambo linalompa nafasi ya kumaliza soda na kuvaa kofia.

Barabara ya ufuoni ina watu wake wengine. Juu ya lami, kati ya miti, zimefungwa ngazi za kamba ili mbega wavuke bila kugongwa. Ni kazi ya Colobus Conservation pale Diani. Mbega huyu mweusi mwenye mabega meupe hana kidole gumba, hana haraka, na dume lake hunguruma alfajiri kuwaambia wengine huu ni mti wangu. Anaifanya kazi hiyo bila petroli. Ukipita chini yake na bomba lako atakutazama namna mzee anavyomtazama mtoto anayepiga debe.

Na biashara? Mama mwenye mtoto aliyelala ataangalia pembeni mpaka upite. Mzee anayetoka msikitini atapanda ya nyuma yako. Atakayepanda kwako ni yule ambaye hazikupatikana nyingine, naye akisema “hapa hapa” utasikia “kaza kaza”, na mtashukia Galu mkinuniana.

Tuje kwenye baridi.

Kipimajoto kitakuambia alfajiri ya mwezi wa saba hapa pwani ni digrii 21 au 22. Kipimajoto hakijawahi kubeba wafanyakazi wa hoteli wa zamu ya saa kumi na mbili. Kioo cha mbele kinauzuia upepo usikupige usoni, nao kwa hasira unapita pembeni, unazunguka, unakuingilia kiunoni ukiwa na unyevu wote wa bahari. Utakutana na mgeni kutoka Ujerumani amevaa kaptula na fulana isiyo na mikono, atakutazama wewe na kofia yako ya marvin iliyoshuka mpaka kwenye nyusi, ataomba kukupiga picha. Mruhusu. Mwambie ni vazi la jadi.

Jaketi utalipata kwenye mitumba. Chagua lile kubwa lililojaa manyoya ya bata, na ukibahatika tiketi ya kupandia mlima wa theluji bado itakuwa inaning'inia kwenye zipu. Usiikate, ni ushahidi kwamba jaketi hilo limeona baridi ya kweli. Limeshonwa kwa ajili ya mtu aliye chini ya digrii sifuri, kwa hiyo saa tatu asubuhi utakuwa umelowa jasho ndani yake, na ukilifungua kidogo tu kusi itakukuta umelowa. Hapo ndipo utakapoijua baridi. Nguo mbovu wala haihusiki: mwili uliolowa hupoteza joto upesi kuliko mkavu. Waliozoea wanavaa fulana, shati, na juu yake kitu chepesi kisichopitisha upepo, basi. Zamani mtu alijitia karatasi ya nailoni kifuani, ila mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na ile ya akiba imekwisha kuchanika. Gazeti linafaa vilevile. Waendesha baiskeli wa Tour de France walikuwa wakijaza magazeti kifuani kabla ya kuteremka milima, na sisi tuna magazeti yenye kurasa nyingi za siasa, zinazoleta joto zaidi.

Miguuni, soksi na ndara. Usione haya, kila mtu anafanya hivyo, hata yule anayekucheka.

Ukipata mteja wa kwenda Kwale, ongeza bei na ongeza shati. Mji uko karibu mita 400 juu ya bahari, na kila mita 1,000 unazopanda hukupunguzia digrii sita na kitu, kwa hiyo ukikunja Kombani na kuupanda mlima unaziacha chini digrii mbili na zaidi. Ni mlima huohuo utakaoonyesha farasi wako wameenda wapi. Gia ya kwanza, ngurumo ya simba, mwendo wa kobe, na mwanafunzi aliyebeba mkoba anakupita kwa miguu akikuamkia kwa adabu.

Hapo ndipo wazo huwajia wengi: moto wote ule unaotoka nyuma unapotea bure, kwa nini usirudi ndani? Ni kweli, karibu theluthi ya nguvu ya petroli hutoka na moshi. Basi mtu anashusha turubai pande zote, anafunga vifungo, na ndani kunakuwa na kijoto kitamu kinachotoka chini ya kiti cha nyuma. Kijoto hicho kinapita kwenye ile gaskiti ya kopo. Kimekuja na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Haikohozeshi. Inaleta kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi, na anayeanza kusinzia ni yule mtoto aliye kwenye kiti cha nyuma, karibu na mashine, ambaye mamake anashukuru kwamba leo ametulia. Turubai liwe wazi upande mmoja, siku zote, hata mvua ikinyesha. Jiko la mkaa lisipande tuktuk likiwa na moto. Na gaskiti nunua ya dukani, leo.

Ukitaka joto la halali, simama kwa muuza kahawa. Dele lake limekaa juu ya makaa, kahawa ni chungu, kikombe hakizidi funda tatu, na kashata ni ya hiari. Kinywe kikombe chako ukiwa umezima mashine ili wenzako waweze kuzungumza.

Mwezi wa tisa utakuwa umechoka, na utarudi kwa fundi kuitafuta sailensa yako ya kiwandani uliyomwachia akuwekee. Atakumbuka kwamba aliiweka. Atawatuma vijana waiangalie nyuma ya banda, watarudi na sailensa ya Probox. Wewe tembea polepole mpaka njia panda, sikiliza, na utaiona chini ya tuktuk inayopita kimya imejaa abiria. Usimdai yule dereva, aliinunua kwa pesa yake. Muulize tu, kwa heshima, kama ana gaskiti ya akiba.