Katuni Tatu na Kopo la Senene

Harufu ilianza Jumanne asubuhi. Nilikuwa napiga deki chumba cha watoto nikaisikia karibu na kitanda cha deka, hafifu, kama maji ya dagaa yaliyosahauliwa kwenye beseni. Nikafungua dirisha, nikarudia deki kwa sabuni ya unga, nikaenda zangu. Jumatano ilishafika sebuleni. Alhamisi mama mkwe wangu, aliyekuja Dar es Salaam kutoka Bukoba kutibiwa magoti, aliziba pua kwa ncha ya kanga akasema, "Mwanangu, humu ndani kuna mzoga."

Mume wangu akakata shauri kwamba ni panya, na kwamba kafia darini. Jumamosi akaazima ngazi kwa jirani.

Kabla sijafika kwenye ngazi, inabidi nirudi nyuma wiki moja, maana mzoga huo uliingia nyumbani kwetu kwa flashi.

Ilikuwa likizo ya Juni. Nina watoto watatu: binti wa kidato cha pili, wa kiume wa miaka tisa, na kitinda mimba wa kike wa miaka minne. Nilimpa binti flashi na shilingi elfu mbili aende kwa kijana anayeuza muvi pale stendi. "Mwambie akuwekee katuni," nikamwagiza, "za kuwatuliza wadogo zako ndani." Kijana akafungua folda la katuni, akahamisha alichokiona. Hakuuliza umri wa mtazamaji, na mimi sikufikiria kuuliza. Kwa akili yangu ya siku ile, kitu kikishachorwa ni cha mtoto.

Ijumaa usiku wakaanza na ile iliyokuwa na picha nzuri kuliko zote: kaka na dada yake wamekaa kwenye majani, vimulimuli vimewazunguka. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, basi binti akawa mtafsiri wa Bibi na wadogo zake, kwa sauti kubwa, kama wale wanaotafsiri muvi kwenye vibanda umiza. Mimi nilikuwa jikoni nachambua maharage ya kesho. Baada ya muda nikagundua kwamba sauti ya mtafsiri imepungua, kisha ikakatika kabisa.

Niliingia sebuleni na birika la chai, hakuna aliyegeuka. Kitinda mimba alikuwa amelala mapajani kwa Bibi, namshukuru Mungu. Binti alikuwa ameuma kidole. Bibi machozi yanamtiririka bila kuyafuta. Na mwanangu wa kiume, macho kwenye runinga, akaniuliza, "Mama, pipi zikiisha yule mtoto atakula nini?"

Filamu hiyo ni *Kaburi la Vimulimuli*, iliyotengenezwa Japani na Isao Takahata mwaka 1988. Haimfichi mtu mwisho wake. Inaanza na kijana Seita akifa kwa njaa kwenye stesheni ya treni mjini Kobe, mwaka 1945. Mfagizi anamkuta na kopo la pipi, analirusha nje gizani, na vifupa vya mdogo wake vinamwagika majanini. Kisha ndipo tunarudishwa nyuma: ndege zinamwaga moto juu ya mji, mama anakufa kwa majeraha ya moto, na watoto wawili wanaishia kuishi wenyewe pangoni. Seita anampa Setsuko, mtoto wa miaka minne, pipi mojamoja. Zikiisha anatia maji koponi ili utamu uliobaki unyweke. Mwishowe Setsuko ananyonya gololi akidhani ni pipi.

Nilinyoosha mkono kuchukua rimoti. Mama mkwe akanishika kiwiko. "Iache. Iache iishe." Sikuwahi kumsikia akiniamuru. Nikakaa.

Baadaye nilisoma habari za filamu ile, nikaelewa kwamba haikuwa ya kubuniwa ofisini. Mwandishi Akiyuki Nosaka alimpoteza mdogo wake kwa utapiamlo mwaka ule ule wa vita, naye akaandika hadithi iliyozaa filamu hiyo mwaka 1967 kama toba. Takahata mwenyewe alikuwa na miaka tisa usiku wa Juni 1945 mji wa Okayama ulipochomwa kwa mabomu, akakimbia kuokoa roho yake. Tena niliona kwamba yaliyonipata yamewapata wazazi wa Japani kabla yangu: Aprili 1988 filamu hiyo ilitolewa kwenye majumba ya sinema pamoja na *Jirani Yangu Totoro*, hadithi tamu ya watoto na dubwana la msituni, kwa tiketi moja. Kuna familia zilizoingia kwa ajili ya Totoro zikatoka na Setsuko moyoni.

Jumamosi niliwaambia wachague yenye rangi za kuchangamsha. Wakachagua yenye majitu ya bluu. Hiyo ni *Sayari ya Ajabu* ya Mfaransa René Laloux, ya mwaka 1973, iliyochorwa na Roland Topor na kutengenezwa Prague kwa vipande vya karatasi vilivyokatwa na kusogezwa kidogokidogo mbele ya kamera. Majitu yenye macho mekundu yanafuga binadamu kama sisi tunavyofuga paka. Mtoto wa jitu anamvalisha mtoto wa binadamu kola shingoni; akikimbia, kola inamvuta arudi. Huyo Laloux, kabla ya kuwa mtengeneza filamu, alifanya kazi kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, na filamu yake ya awali, ya mwaka 1960, aliitengeneza pamoja na wagonjwa wale. Nadhani ndiyo maana anajua kuonyesha jinsi mwenye nguvu anavyomtazama asiye na nguvu: bila chuki, hata kwa upendo, lakini bila kumhesabu.

Uani tulikuwa na jogoo wa wageni wa Jumapili, amefungwa kamba mguuni kwenye mfenesi. Asubuhi kamba ilikuwepo, jogoo hayupo. Mwanangu hakujificha. "Nilimfungua, Mama. Alikuwa amevalishwa kola." Tulimfukuza mtaa mzima hadi bomba la maji na hatukumpata, na wageni wakala maharage. Baba yake alikuwa tayari kuvua mkanda. Bibi akasema, "Muulize kwanza ameona nini," na mkanda ukabaki kiunoni.

Jumapili jioni ikawekwa ya tatu, kwa kuwa ilionyesha babu na bibi wa Kiingereza na kijumba chao, na tukasema hiyo haina ubaya. *Upepo Unapovuma*, ya mwaka 1986, ilitengenezwa na Jimmy Murakami kutoka kitabu cha picha cha Raymond Briggs. Jim na Hilda ni wastaafu wanaoiamini serikali yao. Wakisikia vita ya nyuklia inakuja, Jim anasoma vipeperushi vya serikali, anang'oa milango ya nyumba na kuiegemeza ukutani iwe kibanda cha kujikinga. Vipeperushi vya namna hiyo vilikuwepo kweli Uingereza miaka hiyo. Nyumba yao kwenye filamu ni kijumba halisi kilichojengwa kwa vipimo vidogo, kina vikombe na mapazia. Wao wenyewe wamechorwa, kana kwamba vitu vitadumu na watu watafutika. Bomu linalipuka, wanapona, na wanangoja msaada ambao hauji. Wanachemsha chai kwa maji ya mvua. Hilda nywele zinamtoka, na bado anahangaikia usafi wa nyumba. Sijaona filamu ya watu halisi iliyonionyesha mionzi inavyoua kwa upole kama hiyo.

Baada ya hapo nikaificha flashi ndani ya kopo la sukari. Jumanne harufu ikaanza.

Sasa turudi kwenye ngazi. Mume wangu alipanda darini na tochi mdomoni, akakanyaga pasipo na mbao. Mguu ukatokeza upande wa chini, na silingibodi nusu nzima ikatuangukia na vumbi la miaka. Panya hakuwepo. Akaona labda yuko nyuma ya kabati la ukutani, akaita fundi, fundi akang'oa milango ya kabati, na mlango wa chumba ili kabati lipite. Milango mitatu ikaegemezwa ukutani sebuleni. Mwenye nyumba, aliyekuwa anapita kwa ajili ya kodi, akasimama kizingitini na shikamoo zetu zote hakuziitikia.

Binti yangu alitoka bafuni, akaiona ile milango imeegemea ukuta, akaanza kulia. "Kama ya yule babu," alisema. Nami nikaiangalia, na kweli, ilikuwa vilevile.

Hapo ndipo kitinda mimba akaja, akanivuta gauni. "Mama, siyo panya. Ni chakula changu."

Akatupeleka chumbani. Chini ya kitanda cha deka, nyuma ya begi la shule, kulikuwa na kopo lenye mfuniko wa plastiki. Mume wangu akaufungua, tukarudi nyuma sote. Wali. Dagaa. Andazi nusu. Kipande cha papai kilichogeuka maji. Lilikuwa lile kopo la maziwa ya unga ambalo mama mkwe alituletea senene waliokaushwa, kama afanyavyo kila akija. Tulikwisha kuwala mimi na watoto, maana mume wangu, Mhaya wa kuzaliwa, senene hawagusi. Husema harufu yao inamnyima raha, na hajui kwa nini.

"Namuwekea mdogo wangu," mwanangu alisema akiwa amesimama wima kama mbele ya mwalimu. "Ndege zikija. Bibi alisema lazima uwe na kopo."

Sote tukamgeukia Bibi.

Alikaa ukingoni mwa kitanda, taratibu, kwa ajili ya magoti. Akasema kwamba Ijumaa ile, baada ya filamu, mjukuu wake alikosa usingizi, naye akamsimulia jambo ambalo hakuwahi kulisimulia. Mwaka 1978, mwishoni mwa Oktoba, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovuka mpaka, yeye alikuwa mama kijana upande wa kaskazini wa Mto Kagera. Aliondoka usiku na mtoto mgongoni na kopo moja la senene. Alivuka daraja la Kyaka kabla halijalipuliwa mwanzoni mwa Novemba, kisha akatembea siku nyingi, akilala migombani. Chakula kilikuwa lile kopo. Alimpa mtoto senene mmojammoja, amewatafuna kwanza mwenyewe, maana meno ya mtoto yalikuwa machache. Walipobaki saba alianza kuwakata vipande.

"Na mtoto?" mume wangu akauliza. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la dari.

"Si wewe?"

Fundi aliweka nyundo chini akatoka nje. Mwenye nyumba naye, aliyekuja nyuma yetu kutazama uharibifu, alivua kofia.

Nimelifikiria sana jambo hili. Mama mkwe wangu hapendi filamu za vita. Zikianza huondoka, akisema wale ni waigizaji na damu ile ni rangi. Kwa nini basi watoto wa Kijapani waliochorwa kwa mkono wamemfungua kifua kilichofungwa tangu mwaka 1978? Nilimuuliza. Akasema, "Yule mtoto hakuwa na sura ya mtu. Nikamvika ya mwanangu." Sijasoma maelezo bora ya sanaa hii. Mwigizaji huja na uso wake. Mchoro huacha nafasi, na mwenye jambo lake huingia.

Tangu siku ile ninazitafuta filamu hizi kwa makusudi, na ninazitazama watoto wakishalala. Nimeona *Persepolis* ya mwaka 2007, ambamo Marjane Satrapi anasimulia utoto wake Tehran, sehemu kubwa kwa nyeusi na nyeupe. Nimeona *Waltz with Bashir* ya mwaka 2008, ambamo Ari Folman, aliyekuwa askari wa Israeli, anatafuta kumbukumbu zake zilizopotea za vita ya Lebanon ya mwaka 1982. Imechorwa hadi dakika za mwisho, kisha michoro inakoma na unaonyeshwa picha halisi za waliouawa na wanaowalilia. Na karibu na kwetu, Ng'endo Mukii wa Kenya ametengeneza *Yellow Fever*, ya mwaka 2012, kuhusu wanawake wanaojichubua ngozi, jambo ambalo hapa mtaani tunaliita mkorogo na kulicheka, na yeye amelichora kwa uchungu unaostahili.

Siwaambii wazazi wenzangu wazifungie nje. Nawaomba wasimwachie kijana wa stendi kazi ya kuchagua. Kaa na mtoto, tazama mwanzo, na kama imeingia kwa bahati mbaya kama ilivyoingia kwetu, msikilize usiku anapokosa usingizi, kwa sababu anayoyasema ndiyo aliyoyaona.

Silingibodi tulilipia. Jogoo hakurudi. Kopo nililisugua kwa majivu na ndimu siku mbili, nikalianika juani, na mama mkwe akaondoka nalo kwenda Bukoba.

Novemba lilirudi kwa basi, limejaa, mfuniko umefungwa kwa gundi. Mume wangu alilichukua stendi, akaliweka mezani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akalifungua mwenyewe. Alichukua senene mmoja. Akampa mwanawe wa kiume ale kwanza, kisha akachukua wa kwake.