Barua imefika, mistari imebaki njiani

Mxiuu! Nisogezeeni benchi jamani. Nimetoka steshenari, na mtu aliyetoka steshenari saa hizi haulizwi habari za nyumbani. Anapewa pole na kikombe cha kahawa.

Nilikwenda na flashi mkononi, ndani yake barua ya kurasa mbili. Nimeiandika kwenye laptopu ya mpwa wangu usiku kucha, nikaipanga ikapangika: anuani juu kulia, tarehe chini yake, hoja tatu zenye namba, na mahali pa sahihi. Kijana wa steshenari akanipa shikamoo yake safi, akachomeka flashi, akafungua faili, akaguna. Nikachungulia. Yarabi toba! Anuani imehamia kushoto. Tarehe imepanda juu ya nembo kama mtoto aliyeona embe bivu. Hoja ya tatu imerudi kuwa ya kwanza. Sahihi yangu nayo imetupwa ukurasa wa tatu, peke yake, kama mgeni aliyechelewa shughuli akakuta ubwabwa umekwisha.

"Mzee wangu, hii uliandikia programu gani?"

Nikamjibu niliandikia kompyuta. Akatabasamu lile tabasamu la fundi aliyekwishaiona hela. "Basi hamna shida, nakurekebishia. Jero kwa ukurasa." Halafu, bila haya, akaongeza: "Na hizi hapa ni kurasa tatu."

Mmesikia? Ukurasa wa tatu kauzaa yeye kwa mashine yake, gharama za malezi nilipe mimi!

Msinicheke. Nani hapa hayajamkuta? Mnaikumbuka ile harusi ya mtaa wa pili? Katibu wa kamati, dada mmoja mchapakazi, aliandika orodha ya ahadi za michango, majina upande huu na fedha upande ule, akairusha kwenye grupu la WhatsApp. Kwake ilionekana kama daftari la benki. Watu wakafungua kwenye simu zao, kila simu na programu yake. Lo! Fedha zimeteleza mstari mmoja kwenda chini. Aliyeahidi elfu kumi anasomeka laki tano. Baba mdogo mwenye laki tano zake, aliyeitangaza ahadi ile amesimama na kukohoa, anasomeka elfu ishirini. Baba mdogo alijitoa kwenye grupu kabla hata hajauliza. Ilibidi ujumbe wa wazee watatu uende kumwomba radhi kwa kosa la simu.

Sasa kosa lilikuwa la simu kweli? Aaa wapi. Dada wa watu hakuchora jedwali. Alibonyeza spesi. Akiandika jina, anabonyeza spesi, spesi, spesi, mpaka kidole kinaota sugu, hadi fedha ifike pale macho yake yanapopapenda. Kwenye kompyuta yake herufi zina upana fulani, kwenye simu ya baba mdogo zina upana mwingine, na nafasi ishirini za huku si nafasi ishirini za kule. Mstari ukijaa, fedha inashuka chini. Nusu ya nchi hii inapanga barua kwa spesi, halafu tunainua mikono juu kuuliza nani ametuloga.

Mpwa wangu, mwenye laptopu, alinieleza jambo nikaduwaa. Kumbe unapotuma faili hutumi ule ukurasa unaouona. Unatuma maelekezo ya upishi: hapa herufi nene, hapa aya mpya, hapa picha. Programu ya mwenzako ndiyo inayoingia jikoni kupika upya, kwa sufuria zake na viungo vyake. Akachukua faili langu la docx, akalibadili jina mwishoni likaitwa zip, akalifungua. Ndani mna mafolda kama kabati la mama mkwe, na katikati limekaa faili lenye maneno yangu yote yamezungukwa na alama alama. Miaka yote hii natembea na barua yenye zipu sijui!

Na ugomvi wa jikoni hizi ni wa zamani, msidhani umeanza na simu za Kichina. Mwaka 1978 kule Marekani ilitoka WordStar, ikawa ndiyo mfalme. Mara ikaja WordPerfect, iliyozaliwa chuo kikuu kimoja cha Utah, ikampindua. Mwaka 1983 Microsoft wakaleta Word, na huyo ndiye tunayempigia goti hadi leo. Kila mmoja alitunza maandishi kwa namna yake, na kila mmoja aliomba dua mteja asihame. Mtu ukiwa na kabati zima la barua zilizoandikwa kwa programu moja, utahamia wapi? Ndoa ya mkeka hiyo. Ndiyo maana namhusudu George R. R. Martin, yule mtunzi wa hadithi za mazimwi. Yeye mwenyewe amesema riwaya zake anaziandika kwa WordStar 4.0, kwenye kompyuta ya DOS isiyojua intaneti ni nini. Tajiri ana raha yake. Hatumwi steshenari.

Halafu wakati tumeshaizoea Word yetu ya mwaka 2003, ikaja ya 2007 na docx yake. Mnakumbuka? Faili linakuja, kompyuta ya ofisini inalitazama kama mgeni asiye na barua ya mjumbe. Microsoft wakatoa kiraka cha kuipakulia ile ya zamani ili isome faili za mdogo wake, lakini kiraka chenyewe nani alikuwa na intaneti ya kukishusha? Mtaa mzima ukawa na wimbo mmoja: "Seva kwa tisini na saba! Seva kwa tisini na saba!" Mwaka ni 2009, sisi tunarudishwa 1997 kwa hiari yetu.

Wakubwa wa dunia walipoona aibu imezidi, wakaamua tuwe na utaratibu mmoja. Wakapata miwili. Mnaguna nini? Mwaka 2006 shirika la viwango la kimataifa, ISO, likaupitisha mfumo wa ODF, unaotumiwa na akina OpenOffice na baadaye LibreOffice. Microsoft nao wakapeleka wa kwao. Kura ya mwaka 2007 ikakwama, ya 2008 ikapita. Maelezo ya ODF yalikuwa kurasa kama 700. Ya Microsoft yalipita kurasa 6,000! Na ndani ya kurasa hizo elfu sita, mlimokuwa na nafasi ya kueleza hata jinsi ya kuchemsha maji, wakaweka maelekezo ya namna hii: panga nafasi kama inavyopanga Word 95. Basi! Word 95 inapangaje, maelezo yale hayakusema. Ni sawa na kupewa mapishi ya pilau yanayosema "tia chumvi kama alivyokuwa akitia marehemu bibi." Bibi kazikwa Mkuranga, sisi chumvi tutaipimaje?

Kuna na sakata la majina. Siku moja kijana mmoja wa hapa kijiweni alipata faili la kale lenye mkia wa wps, akashangilia kwa kuwa simu yake ina WPS Office. Akabonyeza, likatoka vurugu tupu. Kumbe Microsoft nao walikuwa na programu yao ndogo ikiitwa Works, na faili zake zilikuwa na mkia huohuo wa wps. Watu wawili, ukoo tofauti, jina moja, na anuani moja ya posta. Hapo hata tarishi mwenye miwani anakosea.

Ila kichekesho cha mwaka ni cha jirani yangu. Aliambiwa maombi ya kazi yatumwe kwa PDF. Akalichukua faili lake la Word, akafuta docx, akaandika pdf, akatuma, akalala usingizi wa mtu mwenye haki. Jamani! Ukimvalisha mbuzi sare ya shule, mtihani wa darasa la saba atafaulu? Kule liliposhuka faili lilikataa kufunguka, na yeye mpaka leo anasimulia kwamba kazi zina wenyewe.

Nalo suala la fonti ndilo lililonimaliza mimi. Tangu 2007 Word ilituzoesha herufi za Calibri bila kutuuliza. Mwaka 2023 wakaanza kumstaafisha Calibri, wakamleta Aptos. Laptopu ya mpwa wangu ni mpya, inaandika kwa Aptos. Mashine ya steshenari ya zamani, Aptos haimjui hata kwa sura, kwa hiyo inatafuta herufi nyingine yoyote iliyopo karibu na kuisimamisha pale kama kaimu. Kaimu ana kiuno kipana, mistari inafurika, ukurasa wa pili unamwagikia wa tatu. Hiyo ndiyo siri ya jero yangu. Panzi wanapigana huko Marekani, kunguru wa steshenari anashiba hapa.

Nasi tusijifanye watakatifu. Mwaka 2004, hapahapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, bure kabisa, huhitaji kuiba leseni wala kumnong'oneza fundi. Nani kwenye benchi hili aliifungua? Kimya! Wote mnakodolea kashata. Tukabaki na programu ya kigeni inayopiga mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili, kana kwamba ukurasa mzima umekosa adabu, na sisi tunaona ndiyo ustaarabu. Nimemwona mtu na akili zake akibadilisha "shangazi" kwa sababu mashine imemwambia hakuna neno kama hilo. Shangazi yake alikuwa amekaa pembeni.

Haya, kahawa imepoa, nitoe hukumu niondoke. Faili ni mgeni anayekwenda kulala nyumba ya mtu, na kabla hujamtuma mgeni unauliza huko kuna kitanda au kuna jamvi. Ukitaka barua isomwe tu, itoe PDF kwa kuiseva kama PDF, si kwa kuibatiza jina. Ukitaka mwenzako aiguse na kuirekebisha, mpigie kwanza umuulize anatumia nini. Mambo ya safu na safu yachorewe jedwali. Na ile spesi, nawasihi kwa heshima ya baba mdogo, iachieni kazi yake moja ya kutenganisha neno na neno.

Mimi nimelipa elfu moja mia tano. Ukurasa wa tatu umetoka na sahihi yangu tu, nimeubeba hivyohivyo.