Padri wa Mtumba

Perugia, Italia
Desemba

Mama, Bibi, Baba Mdogo na nyote mlioko Rwamishenye,

Mimi mzima, ni baridi tu inayonitafuna. Naandika haraka kabla habari haijawafikia kwa mdomo wa mtu mwingine: nimekuwa padri.

Bibi, usipige vigelegele kwanza. Na wewe Mama usilie, wajukuu wako wako palepale walipokuwa, yaani bado hawajazaliwa. Ni kwamba Jumapili nilishuka treni Spello, kimji cha mawe kilichokalia kilima chenye malango yaliyojengwa na Warumi wa kale, nikiwa nimevaa lile koti jeusi refu nililonunua gulioni. (Ndiyo, mtumba. Huku nako upo, ila wa huku haujasafiri.) Kwa ajili ya upepo nilikuwa nimelifunga vifungo mpaka kidevuni. Bibi mmoja akanisimamisha kwenye ngazi, akaniita "Don", kama huku wanavyowaita mapadri, kisha akamnyanyua mbwa wake mpaka usawa wa kifua changu, akasubiri. Mbwa naye akasubiri. Ilinichukua muda kung'amua kwamba mwenzetu anataka baraka.

Nyinyi mngefanyaje? Mtoto wa Rwamishenye hakatai cheo. Nikamwekea mbwa mkono kichwani, nikatamka kwa Kihaya, kwa sauti ya altareni, yale maneno ambayo Bibi huwaambia mbuzi jioni waingie bandani. Mbwa akatulia. Mwenye mbwa akafuta machozi.

Simlaumu. Vijiji vya huku vimebaki na wazee na kengele. Vijana wamekimbilia Roma na Milano, seminari zimepungukiwa, na parokia nyingi sasa zinahudumiwa na mapadri kutoka Afrika na India. Mtu mweusi, koti jeusi, asubuhi ya Jumapili: hesabu haina ugumu. Mwaka 1892 Mapadri Weupe walipanda kilima cha Kashozi kutuletea Habari Njema. Sasa mzigo unarudishwa kwa wenyewe na riba juu. Nikamtajia yule mwenye mbwa Kardinali Rugambwa wetu, aliyesoma sheria za Kanisa hapohapo Roma kabla ya kuvishwa kofia nyekundu mwaka 1960. Akauliza kama tuna undugu. Nikamjibu kwamba Bukoba sote ni ndugu. Najua mtasema nshomile hawaachi majigambo, lakini Baba Mdogo, wewe ndiye uliyewaambia watu wa Mwanza kwamba naishi jirani na Papa, kwa hiyo tunyamaze wote wawili.

Ila upadri ni cha mtoto. Ngojeni niwaeleze Gubbio.

Mji huu umeegemea mlima Ingino, na juu ya mlima kuna kanisa lenye mwili wa Mtakatifu Ubaldo ndani ya sanduku la kioo. Ipo njia ya miguu, wanayoifuata mahujaji na wenye akili zao. Sisi wengine tunapanda kwa waya. Nikisema usafiri wa waya mnafikiria kijumba chenye mlango, kioo na pa kukalia. Hili ni tenga. Tenga la chuma, waitu! Sakafu yake inatosha watu wawili wasiogombana, vyuma vinazunguka mpaka kifuani, na juu yako hakuna kitu ila waya na Mungu.

Na halisimami. Hilo ndilo walilosahau kuniambia dirishani wakati wanapokea hela yangu. Unasimama penye alama sakafuni, umelipa kisogo tenga linalokuja, na mzee wa kazi yuko kando, sigara imemzimikia mdomoni. Likikufikia anakusukuma ndani kwa kiganja, analifuata hatua mbili, anabana komeo, basi, umeshakuwa mali ya hewa. Nilidhani konda wa Hiace za Muleba nimemwacha nyumbani. Kumbe ana binamu Gubbio. Tofauti yao ni kwamba wa Muleba angenisogeza aingize na mama mwenye mikungu miwili.

Nilipofumbua macho vilele vya miti vilikuwa chini ya viatu vyangu. Mimi niliyekuwa nikiwacheka watoto wa mjini wanaoogopa kuchungulia ziwa kutoka juu ya miamba, nilisali Salamu Maria kwa lugha tatu, na Kiitaliano changu hakijawahi kunyooka vile. Tenga la kushuka likanipita na watawa wawili ndani, wanakula biskuti. Wakanipungia. Sikuwapungia, mikono ilikuwa na kazi.

Ukishuka salama kuna chemchemi mjini: ukiizunguka mbio mara tatu mbele ya mwenyeji, huku ukinyunyiziwa maji yake, unastahili cheti cha uwendawazimu chenye jina lako. Ninacho. Ndicho cheti changu cha kwanza Italia, cha chuo bado kinapikwa. Aliyemwonyesha Bibi ile picha ya cheti cha uwendawazimu akisema ni digrii, amweleze ukweli.

Chuo kinaendelea, msijali. Mkate ndio tatizo: hauna chumvi. Wenyewe wanasimulia kwamba mwaka 1540 Papa Paulo wa Tatu aliwapandishia watu wa Perugia kodi ya chumvi, wakaasi, wakapigwa, naye akajenga ngome juu ya majumba ya wakubwa wao. Leo ndani ya ngome hiyo zinapita ngazi za umeme, nazipanda nikienda darasani, lakini mkate bado umenuna. Karibu miaka 500! Sisi tukisusia bei ya sukari tunasusa mpaka saa kumi, chai ikishaiva.

Kahawa nayo ina sheria zake. Ukiinywa umesimama kaunta ni yuro moja na senti kidogo. Ukikaa kitini, mahali pengi bei inaruka. Na ukiagiza ya maziwa baada ya chakula cha mchana, muuzaji anakutazama kana kwamba umemtukania marehemu. Kinachoniuma ni kwamba Waitaliano wengi huchanganya robusta humo ili povu likae, na Italia ni mteja wa siku nyingi wa kahawa ya Tanzania. Huenda nimelipa elfu tatu na ushei kwa punje zilezile ambazo Baba Mdogo aliziuza butura zikiwa bado maua. Sikumwambia muuzaji. Nilikunywa nimesimama.

Nilifika pia mji wa Norcia, na huko sikucheka sana. Tarehe 30 Oktoba 2016 tetemeko la ukubwa wa 6.5 liliangusha kanisa la Mtakatifu Benedikto, ukabaki uso wa mbele peke yake. Sisi letu lilikuwa limetupiga 10 Septemba mwaka uleule. Nikamwambia mwenye duka kwamba hata kwetu, Jumamosi mchana, shule ya Ihungo ilianguka na Mama alitulaza nje chini ya migomba. Akaacha kukata nyama. Akauliza Mama sasa analala wapi. Nikasema ndani, ila kitanda kiko karibu na mlango. Akasema na chake. Soseji alinipa bure.

Maduka ya nyama ya mji huo yanatundika vichwa vya nguruwe mwitu mlangoni, na manyoya yake, na meno yake. Lakini nilipomwonyesha mwenye nyumba wangu picha ya senene wa kukaanga, alijishika moyo. Mwaka 2023 Ulaya iliporuhusu unga wa nyenje, serikali yao ilitangaza kwamba unga wa wadudu uandikwe wazi na ukae kwenye rafu yake, usije ukagusana na tambi. Mama, jimbo letu zima lingewekwa kwenye rafu yake.

Naona kwenye simu kwamba mwaka huu senene wameanguka wengi, watu wanakesha na taa na mabati. Msinitumie, wakifika hapa mwenye nyumba atahama. Lakini lile fungu langu ambalo Baba Mdogo alisema ananitunzia mpaka nirudi, najua ameshalila. Aseme tu.

Mtoto wenu,
Don