Nilikomiti, Sikupushi

Kompyuta mpya ikifika kwetu Nkuhungu, Dodoma, cha kwanza kuingia ndani yake si programu, ni vumbi. Nilifuta kioo, nikaweka Git, ile programu ya kutunza kila badiliko la kazi aliyoitunga Linus Torvalds mwaka 2005, nikaandika amri ya kukomiti, yaani kuhifadhi badiliko. Ikagoma: sema kwanza wewe ni nani. Nikaona sawa, hata mjumbe wa nyumba kumi huanza hivyo. Nikatoa jina na baruapepe.

Ikanifungulia kihariri cha Vim nieleze nimebadilisha nini. Kueleza nilieleza, kutoka ndiyo ikawa kazi. Nilibonyeza kila kitufe, mwisho nikaizima kompyuta kwa nguvu. Mpwa wangu anayesoma UDOM alinitazama kwa huruma: “Mjomba, ni Esc, nukta mbili, w, q, halafu Enta.”

Tangu hapo nikawa nakomiti kama mtu anayelipwa kwa kila komiti. Wiki mbili nzima, asubuhi na jioni.

Kisha upepo wa Agosti ukaja. Upepo ukasukuma dirisha, dirisha likasukuma glasi, glasi ikamwaga juisi ya zabibu kwenye kibodi. Fundi alifungua, akanusa, akasema diski nayo imekwenda.

“Hakuna shida,” nikamwambia mpwa wangu kwa madaha. “Kazi yote nimeikomiti.”

“Na ulipushi?”

“Kupushi ndiyo nini?”

Ndipo nikafundishwa kwamba komiti hukaa ndani ya mashine yako mwenyewe. Usipoisukuma iende kwenye seva, ni siri yako na diski yako. Siku ile kila kitu kilisukuma, isipokuwa mimi.

Jirani yetu, mzee mstaafu wa wizarani, alikuja kunipa pole. Akataka aelezwe yote, komiti na pushi, akasikiliza akichezea fimbo yake.

“Kijana wangu, usijilaumu,” akasema. “Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa 1973. Mimi wizara yangu ilinileta hapa 2017, nikiwa nimebakiza miaka miwili nistaafu. Kumbe miaka yote ile tulikuwa tumekomiti tu.”

Nikamkaribisha juisi iliyobaki. Tuliinywea barazani, mbali na kompyuta ya mpwa wangu.