Mgeni wa Tumboni: Namna ya Kumpokea na Kuhakikisha Haondoki

Waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawakuwahi kumpokea jiadia, kijidudu cha tumboni. Huyu siku mbili za kwanza hujui hata kama amefika. Huchukua wiki moja, wakati mwingine mbili, akitandika mikeka kimya kimya kwenye utumbo mwembamba. Siku utakayoanza kubeua harufu ya yai viza ndani ya daladala iliyojaa, yeye keshakuwa na ukoo. Kama unamtaka mgeni wa aina hii, na kwa ninavyotuona tunavyoishi hapa Dar wengi tunamtaka, fuata maelekezo.

Kumpata si kazi. Husafiri akiwa amejifunga ndani ya kifuko kigumu kiitwacho sisti, na sisti 10 tu zinaweza kutosha kumwambukiza mtu mzima. Sisti haionekani kwa macho, hata ukiazima miwani ya babu. Kwa hiyo usihangaike kutafuta maji ya tope. Maji meupe yanayong'aa kwenye glasi yanambeba vizuri tu. Bomba likikauka siku nne, mpigie kijana wa mkokoteni akuletee madumu sita. Usimuulize ameyachota wapi. Mimi niliwahi kuuliza, akanijibu, "Ya bomba hayo, mama," nami nikamwamini papo hapo, maana kutomwamini kungenigharimu mkaa.

Na hapo kwenye mkaa ndipo penye ufundi. Chemsha, lakini usichemshe. Sufuria ikianza kuimba na vipovu vya kwanza vikipanda kutoka chini, epua haraka, gunia limepanda bei. Maji yakiachwa yatokote kwa nguvu dakika moja nzima mgeni wetu hufa, na kwa wale wanaoishi milimani, juu ya mita 2,000, ni dakika tatu. Dakika moja! Huo ni muda wa kusoma ujumbe mmoja wa kikundi cha harusi, na bado sijui nyumba nyingi zinazoufikisha.

Basi tuseme umeteleza, mama mkwe amekuja, umeyachemsha kweli. Usikate tamaa. Yamimine kwenye ndoo iliyooshwa kwa maji ya dumu. Yakiwa machache, ongezea kidogo ya bombani "ili yatoshe". Yakiwa ya moto, tia barafu ya dukani, ambayo hakuna aliyechemsha maji yake. Kisha weka kikombe kimoja juu ya mfuniko, kila mtoto akitoka kucheza achovye kikombe na vidole vyote vitano. Ndoo yenye bomba dogo chini usinunue, itaharibu kila kitu.

Mwenye kupenda mambo ya kisasa atasema yeye anatia dawa ya maji. Atie, wala asiache, maana klorini inavimaliza vizuri vijidudu vya kipindupindu. Ila jiadia ndani ya koti lake la sisti anaivumilia dozi ya kawaida, hasa ukitia dawa na kunywa hapo hapo. Chujio nalo, lile la kitambaa cha khanga iliyochakaa, litazuia majani na mdudu mmoja aliyekufa. Ili kumnasa yeye unahitaji chujio lenye matundu yasiyozidi mikroni moja, na khanga haina hesabu hizo.

Sasa amefika. Utamjua kwa tumbo linalonguruma na kujaa gesi, na kwa choo laini, chenye mafuta, kinachonuka kuliko haki yake, kinachoelea na kukataa kwenda hata ukimwaga ndoo ya pili. Chai ya maziwa uliyokunywa miaka yote itaanza kukugombeza. Nguo zitalegea, na ofisini watakusifia kwamba umepungua vizuri. Pokea sifa, usiseme siri. Lakini ukiona damu, acha mzaha huu: jiadia hana kawaida ya kuleta damu. Huenda ni amiba, anayetoboa ukuta wa utumbo, au ni bakteria wa kuhara damu, na hapo ni hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyeanza kulegea na macho kudidimia: maji ya chumvichumvi ukiwa njiani, maelezo baadaye.

Kwa tumbo la kawaida, sisi tuna majina mawili tu, taifodi na amiba, na mwenye duka la dawa hukuchagulia moja kabla hujamaliza salamu. Kipimo cha choo kiogope. Mwaka 1681, huko Delft, Uholanzi, muuza vitambaa aitwaye Antonie van Leeuwenhoek aliharisha, akachukua choo chake mwenyewe akakitazama kwa lenzi aliyoisaga kwa mkono, akaona vijinyama vinatembea humo. Inaaminika ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kumwona jiadia. Wewe mwenye maabara mtaa wa pili unaona aibu kubeba kijikopo. Nami sikucheki: changu nilikiviringisha magazeti matatu, nikapitia sokoni kwanza, kikakaa mkobani saa nne karibu na nyanya. Walipopima wakaniambia hawajaona kitu.

Hawakuona kwa sababu wale walio hai, wenye mikia minane na viini viwili vinavyokutazama kama macho, hufa upesi nje ya tumbo. Isitoshe, sisti hazitoki kila siku. Ndiyo maana mtaalamu huomba choo cha siku tatu tofauti. Ukitaka mgeni akae, peleka mara moja tu, kikiwa kimepoa, kisha tangaza kwa jirani kwamba wewe ni mzima.

Ikitokea bahati mbaya wakamwona, utaandikiwa dawa. Tinidazoli ndiyo adui mkubwa, maana mtu mzima huinywa gramu 2 kwa mara moja na hakuna nafasi ya kuteleza. Omba Mungu wakupe flajili, ambayo kwa jiadia ni mara tatu kwa siku, siku 5 hadi 7. Humo mna mianya. Inaacha mdomoni ladha ya sarafu iliyolambwa, kwa hiyo sababu ya kuiacha unayo tangu mlo wa kwanza. Ukialikwa kwenye bia siku ya pili, kumbuka umeambiwa pombe na flajili havipatani, kisha kwa busara acha flajili.

Siku ya tatu tumbo litanyamaza. Usidanganyike kwamba mgeni ameondoka, amejishikiza tu kama mjusi kafiri ukutani, na kifua chake kina kikombe maalumu cha kugandia. Ndiyo siku ya kufunga dawa. Zilizobaki zifunge kwenye kile kikaratasi, uziweke juu ya friji, pembeni ya betri zilizokwisha na ufunguo usiojulikana wa wapi.

Wiki mbili baadaye, utakapokuwa umeanza tena kubeua, jirani atagonga mlango. Tumbo la mwanawe linasumbua, na amesikia una flajili kidogo. Mpe zote. Mtoto anaona kiu. Mwambie asijali, kikombe kipo juu ya ndoo.