Tuma Mshenga Kwanza: Namna ya Kuposa Mtoto wa Mbwa Ahero

Pale Ahero, barabara ya Kisii inapoachana na ya Nairobi, utakuta wauza mchele wa Kano, wauza nyanya, na siku nyingine kijana mwenye katoni ya watoto wa mbwa. "German Shepherd safi, mzee. Masikio yatasimama tu." Anamnyanyua mmoja, kitoto kinakulamba kidole, na mkono unaingia mfukoni.

Utoe. Wajaluo hawakuoa hivyo. Kabla ya posa alitangulia jagam, mshenga, kuuliza ya ukoo: kuna maradhi gani humo, watu wake wana tabia gani, na je, hawa si ndugu zetu? Mbwa utaishi naye miaka 10 au zaidi. Mpose vivyo hivyo, na mshenga wako awe daktari wa mifugo.

1. Anza kwa mama mkwe. Mwone mama kwa macho yako, kwake, watoto wakimnyonya. Akijikunyata kwa woga au akitaka kukurarua hata bwana wake akiwapo, huenda mtoto akafuata nyayo hizo. Mwana hutazama kisogo cha nina. Ukiambiwa mama "ameachwa ushago", aga uende zako. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

2. Wazazi wainuke, wakimbie. German Shepherd wana balaa la nyonga, na nyonga mbovu hurithiwa. Kwa mtoto wa wiki 8 huwezi kuiona; itafute kwa wazazi. Anayeinuka kwa shida, au anayekimbia akirusha miguu ya nyuma yote miwili pamoja kama sungura, mtilie shaka. Ushahidi wenyewe ni picha ya eksirei, iliyopigwa mbwa akiwa ametimiza miaka 2. Cheti cha East Africa Kennel Club kitakutajia baba na babu. Habari za nyonga muulize daktari. Na kama moyo wako uko kwa Pug, kumbuka joto la huku Kano: pua iliyobanwa vile haimpi pumzi ya kutosha.

3. Uliza undugu. Mjaluo haoi ndugu yake. Wako wafugaji wanaompandisha baba kwa bintiye, kaka kwa dadaye, kwa sababu dume yuko uani na hadai malipo. Kasoro iliyojificha kwa baba ikikutana na ileile kwa mama, hutokeza kwa watoto. Soma cheti: jina moja likijirudia upande wa baba na wa mama, taka maelezo.

4. Mkague mposwa. Asiwe chini ya wiki 8. Macho yawe maangavu, pua isiwe na makamasi, kitovu kisiwe na uvimbe. Tumbo lililojaa kama ngoma juu ya mbavu zinazohesabika ni minyoo. Mfunue mdomo: ufizi mweupe unasema damu imenyonywa na minyoo, viroboto au kupe. Kadi ya chanjo iwe na stika ya chupa, tarehe na sahihi ya daktari.

Hili la kadi nimelilipia. Niliwahi kununua wa katonini, mchangamfu kabisa. Siku ya 4 alikataa maziwa, akatapika, kisha akahara damu yenye harufu ambayo haijanitoka puani. Alifia juu ya gunia la mchele, asubuhi ya siku ya 6. Ilikuwa parvo. Virusi vyake kwa kawaida hukaa mwilini siku 3 hadi 7 kabla ya dalili, kwa hiyo huenda nilimchukua akiwa tayari navyo, huku akitikisa mkia. Na hubaki udongoni miezi mingi, vikimngoja mbwa wa pili.

5. Baada ya harusi kuna ndoa. Chanjo za parvo hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Ya kichaa cha mbwa achomwe akifika miezi 3, kisha irudiwe kama daktari atakavyopanga. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya watu kwa kichaa kinachotoka kwa mbwa, na lengo hilo linaanzia uani kwako.

6. Ukitaka kuzalisha, subiri jike atimize miaka 2, na usimpandishe kila anaposhika joto. Hubeba mimba siku 63 hivi, kisha hunyonyesha. Mwili wake unahitaji kupumzika. Dume naye apimwe: wale wazururao sokoni huambukizana uvimbe wa sehemu za siri, unaotoa damu.

Najua kile kitoto cha katonini kinatia huruma. Usikinunue hata kwa huruma, kwa maana pesa yako ndiyo itakayompandisha mama yake tena msimu ujao.